Sifa za Gaju Mbele ya Kamera

Evariste Gasirabo alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikumfaa yeye mwenyewe hata siku moja. Mwite kwenye harusi, mvishe mgolole, mpe fimbo, kisha mwoneshe ng'ombe wa mahari, hata awe mtamba aliyekonda mbavu nje, naye atamsifu mpaka wakwe wafute machozi. Atamtaja kwa jina, atamtaja mama yake na nyanya yake, atasema alinywa mto gani na alimpita nani kwa mwendo. Nusu saa nzima bila kumeza mate. Lakini mtu huyo huyo ukimuuliza, "Na wewe Gasirabo, kazi inaendaje?" atatazama viatu vyake na kujibu, "Tunajaribu-jaribu."

Katika vilima vya Gicumbi hilo ndilo jibu la mtu aliyelelewa. Mwenye kujisema mwenyewe huonekana kama hakuwa na nyanya wa kumkanya. Mganga aliyeponya watu mia hujaribu-jaribu, fundi aliyejenga shule nzima hujaribu-jaribu, na mlevi wa kilabuni naye, kwa nini aachwe nyuma, hujaribu-jaribu. Sina ugomvi na adabu hiyo. Ninachosema ni kwamba kuna siku inamnyima mtu mkate, na siku hiyo wenye adabu wote huwa wamekaa kimya wakimtazama.

Gasirabo alikuwa mtu wa mifugo wa kata kwa miaka thelathini na mmoja. Watu walimwita Veto, na wengi hata hawakujua jina lake lingine. Saa kumi na moja alfajiri simu ilikuwa inalia: "Veto, ng'ombe wangu ana joto, wahi kabla halijapoa!" Naye anawasha pikipiki, mtungi wa mbegu za dume umefungwa nyuma kwa kamba ya mpira, anapanda kilima. Wanawake walimtania kwamba yeye ndiye baba wa ndama wote wa kata na hajawahi kumlipia hata mmoja ada ya shule. Miaka hiyo yote ya kuingiza mkono wa kulia ndani ya ng'ombe hadi begani ilimwachia bega lisilopanda tena. Shati alikuwa anavaa kwa kuanzia mkono huo, polepole, na mkewe akijifanya haoni.

Kisha utaratibu ukabadilika. Nafasi ya mtu wa mifugo wa kata ikataka shahada ya chuo kikuu, na Gasirabo alikuwa na cheti cha sekondari tu. Katibu mtendaji wa kata akamwita na kumwambia kwa upole, "Veto, utakaimu mpaka apatikane mwenye shahada." Tangazo likatoka. Wahitimu wakaja, wakafanya mtihani wa kuandika, wakafaulu, wakaingia kwenye usaili wa mdomo mbele ya wasaili watano na kamera, wakaanguka wote. Tangazo likatoka mara ya pili. Wakaanguka tena. Kila mara katibu mtendaji alisema, "Endelea kidogo, Veto." Naye akaendelea.

Kati ya walioanguka mara zote mbili alikuwamo Josiane Umuraza, msichana wa Huye, daktari wa mifugo kamili, aliyekuwa akijitolea chini ya Gasirabo kwa mwaka mmoja na nusu akingoja kazi. Kwenye mtihani wa kuandika alikuwa wa kwanza, na mara ya pili akawa wa kwanza tena. Kwenye usaili wa mdomo alitoka na alama ambazo hata mpita njia angeweza kuzipata kwa kusalimia tu.

Gasirabo alijua kwa nini. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, na sitalizungushia maneno. Wiki moja baada ya usaili wa kwanza aliketi kwenye duka la maziwa na Karemangingo, mwalimu mstaafu, mmoja wa wale wasaili watano. Karemangingo, ambaye siri haikai kwake zaidi ya glasi moja ya mtindi, alimwegemea na kusema:

"Yule binti wako, Veto! Tulimuuliza, 'Unaweza kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa?' Akafunika mdomo kwa kiganja, akasema, 'Naweza kujaribu kidogo, Mungu akipenda.' Sasa ndugu yangu, kamera inarekodi. Nikimpa alama, nitasema nilimpa kwa lipi? Kwa kujaribu kidogo?"

"Na wengine?"

"Wengine ndio hao hao. Labda mmoja aliyetoka kusoma nje, huyo alijisifu mpaka tukamwogopa. Tukamnyima kwa majivuno."

Walicheka. Gasirabo akamaliza mtindi wake, akarudi nyumbani, wala hakumwambia Umuraza neno. Alijiambia kwamba siri ya wasaili si yake kuitoa. Ulikuwa uongo, na alijua ni uongo hata alipokuwa akijiambia. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Bila ile simu ya alfajiri hakujua angeamka kuwa nani. Kila mara Umuraza alipoanguka, yeye alibaki Veto. Akawa anampa pole, pole ya kweli kabisa, kisha anawasha pikipiki akiwa na furaha aliyoionea aibu yeye mwenyewe.

Tangazo la tatu lilitoka msimu wa mvua. Umuraza alifika ofisini na barua yake ya maombi ndani ya bahasha ya kaki.

"Mzee, nisomee."

Ilianza hivi: "Naomba kwa unyenyekevu, iwapo mtaona inafaa, mnifikirie..." Gasirabo aliisoma hadi mwisho. Alisahihisha tarehe. Akamrudishia.

"Ni hiyo tarehe tu?" Umuraza akauliza.

"Barua nzuri."

Msichana hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akiwa bado na buti za mpira. "Mzee, binamu yangu ameniambia ninunue suti nyeusi. Mwalimu wangu wa chuo ametutumia orodha wahitimu wote: mtazame msaili machoni, tabasamu, keti wima, soma kuhusu kata kabla hujaenda. Mama ananiambia nifunge na kusali. Yote nimefanya, hata kufunga. Wewe umekaa na watu hawa maisha yako yote. Mimi nakosea wapi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Gasirabo alifungua droo, akaifunga.

"Jaribu tena, mwanangu," alisema. "Polepole tu."

Umuraza aliitikia kwa heshima, akaenda kuosha sindano. Mzee alibaki ameitazama ile droo, na roho ilimsuta vibaya.

Mtihani wa kuandika Umuraza akaupita, kama kawaida yake. Zilipobaki siku mbili kabla ya usaili wa mdomo, asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Bibi Nyirandegeya wa kilima cha juu, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu duniani, Gaju, rangi ya udongo, mwenye kutoa maziwa mpaka majirani wakaacha vikombe na kuja na ndoo. Gaju alikuwa anasukuma tangu jana jioni na hakuna kilichotoka.

Gasirabo na Umuraza walipofika, watu kumi na tano walikuwa wamejaa kwenye banda wakitoa ushauri. Gasirabo alivua shati, akaosha mkono kwa sabuni, akauingiza. Alifika kwenye kiwiko, akajitahidi kupita, na bega likakataa. Alijaribu kwa kushoto, lakini mkono wa kushoto haukujua kusoma. Jasho lilimtoka.

"Amejisokota," alisema kwa sauti ndogo. "Mfuko wa uzazi umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Njia imefungwa. Umuraza, ingiza mkono wewe."

Umuraza aliingiza mkono. Alifumba macho. Sasa ungemwona msichana yule! Aliyekuwa akiongea kama anayeomba radhi kwa kuvuta hewa, alifungua macho na kupaza sauti iliyovuka banda.

"Amejisokota kuelekea kulia. Ndama yuko hai, amenivuta kidole! Tumlaze. Leteni kamba mbili na ubao mrefu. Wewe mwenye kofia, acha kutoa ushauri, shika kamba!"

Mwenye kofia alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alishika kamba.

Walimlaza Gaju kwa ubavu wa kulia kwenye majani. Umuraza aliweka ubao juu ya tumbo ili ndama abaki mahali pake wakati mama anageuzwa, akamwamuru mwanamke mnene kuliko wote aukalie upande mmoja, na mwanamke akaukalia akicheka. Gasirabo alishika kichwa cha Gaju, akimsemesha sikioni. Wakamgeuza mara ya kwanza. Umuraza akaingiza mkono: bado. Mara ya pili: bado. Bibi Nyirandegeya alikaa chini kwenye matope, kanga usoni. Mara ya tatu Umuraza hakutoa mkono. Alilala kifudifudi nyuma ya ng'ombe, mkono ndani mpaka begani, akamsukuma ndama huku wanaume wakivuta kamba, na ghafla maji yakamwagika kichwani pake kama ndoo imepinduliwa. Njia ilikuwa imefunguka. Ndama jike alitoka baada ya dakika kumi, ulimi nje, akapigwa maji baridi masikioni, akapiga chafya.

"Aliyenipa ng'ombe!" Bibi Nyirandegeya akaapa kwa mtu aliyempa ng'ombe, kiapo kizito cha vilima vile, akainuka kwenye matope kama msichana. "Aliyenipa ng'ombe, sijawahi kuona!"

Wakaletewa maziwa, nao wakanawa uani. Wakati huo alikuwa amefika mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, mtu mzito mwenye neno lake kwenye kata, na akauliza kwa sauti, "Nani amemgeuza huyu ng'ombe?"

Umuraza, damu na maji bado vikimtiririka kwenye nywele, alifunika mdomo kwa kiganja.

"Ni Veto," alisema. "Mimi nilishika-shika tu."

Watu wote wakamgeukia Gasirabo. "Veto! Veto wetu!" Mwenyekiti akampa mkono, bahati mbaya ule wa kulia, naye akaumeza uchungu wake. Na mdomo wake, kabla hajauzuia, ukasema, "Tunajaribu-jaribu."

Kama kuna siku mtu anaweza kujichukia akiwa ameshika kikombe cha maziwa, ilikuwa siku ile.

Waliteremka kwa pikipiki. Kwenye kona ya mashamba ya chai Gasirabo alisimamisha pikipiki, akazima, akashuka.

"Niambie habari za Gaju," alisema.

"Mzee?"

"Mimi ni msaili. Nakuuliza, unaweza kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa? Nijibu."

Kiganja kikaanza kupanda mdomoni. "Naweza kujarib—"

"Shusha mkono!" Wachuma chai wakainua vichwa. "Usinijibu kama unaweza. Niambie Gaju ni nani. Ni wa nani? Mama yake alikuwa nani? Alianza kusukuma lini? Uligusa nini humo ndani, uliogopa nini, uliamua nini, ulimwambia nani ashike kamba? Mara ya kwanza ilishindikana, iseme. Ya pili ilishindikana, iseme. Na ng'ombe akifa, sema amekufa na useme ulijifunza nini. Usitaje hata neno moja juu ya tabia zako nzuri."

"Huko ni kumsifu ng'ombe, mzee. Hiyo ni kazi yako ya harusini. Mimi ni mwanamke, nitasimama mbele ya kamera nisifu ng'ombe?"

"Nani amekuambia uvae mgolole? Wewe simulia. Umelelewa usijisifu, vizuri, usijisifu. Msifu Gaju. Wakiona mkono wako ndani yake, hayo ni macho yao."

Umuraza alifikiri. Kisha, akitazama chai wala si watu, alianza: "Gaju wa Nyirandegeya..." Alisimulia yote. Mara mbili alisema "tulijaribu," na mara mbili mzee akagonga tangi la pikipiki kwa ufunguo. Alipomaliza, mchuma chai mmoja alimuuliza kutoka shambani kama ndama alipewa jina.

Umuraza akacheka. Halafu kicheko kikamwisha usoni. "Mzee, haya umeyajua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Aliyafikiria maneno, yalikuwa tayari mdomoni. Akatazama viatu vyake.

"Tangu usaili wa kwanza."

"Wa kwanza." Umuraza alihesabu miezi kimoyomoyo, ilionekana ikipita machoni pake. "Na nilipokuja na barua?"

"Nilijua. Ukipita wewe, mimi naondoka. Nilikaa kimya."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alivua kofia ya pikipiki, akaiweka juu ya kiti, akateremka kilima kwa miguu na buti zake za mpira. Kesho yake hakuja kazini. Siku ya usaili Gasirabo alizunguka na kazi zake, akampandisha ng'ombe mmoja mbegu akitumia mkono wa kushoto, akasahau kofia yake huko.

Ijumaa katibu mtendaji alimwita na kumpa karatasi. "Veto, bandika hii ubaoni. Pole. Na asante." Gasirabo alibandika mwenyewe. La kwanza kwenye orodha: Umuraza Josiane, themanini na sita na nusu. Alibonyeza pini za pembeni moja moja ili upepo usiing'oe.

Karemangingo alimkuta hapo hapo, amejaa habari mpaka kooni.

"Veto, ungekuwepo! Tulimuuliza swali lile lile. Akashusha mikono juu ya magoti, akasema, 'Gaju wa Nyirandegeya, binti wa Bihogo aliyevuka mto akiwa na mimba...' Ndugu yangu! Mara ya kwanza wamemgeuza, bado! Mara ya pili, bado! Yalipomwagika maji mimi nilisahau nilipo, nikapiga makofi. Nimo kwenye kamera, msaili mzima, napiga makofi!"

Gasirabo alicheka kwa kulazimisha.

"Mwenyekiti wa jopo akamuuliza, 'Ulikuwa peke yako?' Nikajua sasa atafunika mdomo. Akasema, 'Hapana. Kichwa cha Gaju kilishikwa na Veto Gasirabo. Bega lake haliinuki tena, limeishia ndani ya ng'ombe wa kata hii. Vyote mkono wangu ulivyojua siku ile, uliambiwa na ule wake.'" Karemangingo akashusha sauti. "Tuliandika, lakini hatukuandika haraka."

Gasirabo aliugeukia ubao tena, akajifanya anabonyeza pini. Alilia, na sioni sababu ya kuficha.

Jumatatu Umuraza alikuja akiwa na suti nyeusi aliyoshauriwa na binamu yake na buti za mpira. Gasirabo alimkabidhi ufunguo wa pikipiki, mtungi wa mbegu na daftari la chanjo. Kila kitu alikieleza mara mbili.

"Sijakusamehe," Umuraza alisema.

"Najua."

"Nitasamehe, lakini bado." Akatoa bahasha ya kaki. "Ushirika wa maziwa unatafuta mtu wa kufundisha wafugaji. Hawataki shahada. Barua yako nimeiandika. Tia sahihi."

Gasirabo aliifungua. Hakukuwa na unyenyekevu wala iwapo mtaona inafaa. Kulikuwa na ng'ombe. Ruhogo wa Sebahizi, aliyeanguka mara tatu akainuka. Mtamba wa shule ya msingi. Bihogo, mama yake Gaju, usiku wa mafuriko. Ukurasa mzima na nusu, kila mmoja na mmiliki wake na ugonjwa wake, pamoja na wawili waliokufa na sababu yake. Alivyokumbuka yote hayo! Mzee alikuwa amemsimulia njiani, juu ya pikipiki, akidhani upepo unayapeleka.

"Huku ni kujisifu," alisema.

"Jina lako liko mara moja tu, mwishoni. Hesabu."

Alikuwa bado anatafuta kalamu simu ilipolia mfukoni mwake. Namba aliijua. "Veto!" mtu alipiga kelele kutoka kilimani. "Ng'ombe wangu ana joto, wahi!"

Gasirabo alifungua mdomo. Kisha akasema, "Subiri kidogo, nikupe Veto," akanyoosha simu kwa mkono wa kulia, juu kadiri bega lilivyoruhusu. Umuraza aliipokea.

"Ni wewe, binti?" sauti ikauliza. "Utaweza?"

"Nakuja," alisema Umuraza.